Programu Imesema Ipo

Mgeni aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, kwa kuwa mlango wa mbele Agripina Kalinga alikuwa ameufunga mwenyewe na kuning'iniza kibao: LEO HATUPOKEI. Hakupiga hodi. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, amevaa sweta la kiume, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuvuta kiti cha Agripina, kukikalia, na kumaliza chai iliyokuwa imebaki kikombeni.

"Chai ya Kihehe," alisema akikunja uso. "Maji yameonyeshwa majani kwa mbali."

Agripina alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtambo, bisibisi mdomoni. Akaitoa. "Shikamoo. Samahani, mama, tumefunga. Na hicho kikombe ni changu."

"Marahaba. Najua ni chako. Nimesoma jina mlangoni, nikasema moyoni, Skola, leo umefika kwa mtumwa wako. Mimi ni Skolastika Mapunda, Mngoni wa Songea. Mtumwa hana kikombe."

Siku nyingine Agripina angecheka. Mngoni ni mtani wa Mhehe, na mtani hajibiwi kwa kimya; bibi yake aliyemlea mtaani Kihesa angeona aibu. Alijitahidi. "Wangoni nyinyi, mliotoka kusini mbio, mkafika hapa mkakimbizwa tena. Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuchorwa."

Skolastika akatoa mikono mifukoni, akaiweka juu ya meza. Kucha zake zilikuwa zinawaka. Mwanga wa kijani, hafifu, kama wa mdudu aliyefungwa ndani ya chupa.

Agripina alisahau kusimama vizuri, akagonga kichwa kwenye ukingo wa mtambo. "Umekunywa kimulimuli? Nani kakupa?"

Hakuna mtu wa Nyanda za Juu asiyejua kimulimuli. Ni kikombe kimoja cha dawa chungu, mara moja katika maisha. Humulika kila chembe ya mwili ili mtambo uichore. Ukishachorwa, ramani yako huwekwa katika Ghala la Iringa, na siku ini au figo likikufa, madaktari wataotesha jipya kwa kuifuata ramani hiyo. Lakini mwili hauisahau dawa hiyo. Ukiinywa mara ya pili, damu hupigana nayo mpaka mwenye damu anakufa. Na mwanga wenyewe haungoji mtu. Hukaa mchana, usiku, na mchana wa pili. Jua la pili likizama, umezimika, na nafasi yako imekwenda.

"Songea wamenipa," alisema Skolastika. "Jana asubuhi. Kijana akatazama kioo chake, akaniambia, 'Mama, nafasi ipo, kunywa.' Nikanywa. Nikaingia kwenye lile bomba, nikatulia kama maiti. Katikati bomba likalia kama mbuzi. Nikatoka. Kijana ananiambia, 'Samahani, mama, nafasi imekwisha.' Namwuliza, imekwenda wapi, si ulisema ipo? Ananijibu, 'Si mimi. Programu ilisema ipo.'"

"Programu ilisema ipo," alirudia Agripina, na meno yake ya juu yakakutana na ya chini.

"Nikaona kubishana na sahani hakunisaidii, niende kwenye sufuria lenyewe. Nikapanda lori la parachichi, haya yasiyo na dereva. Halisimami ukiliomba. Nimelala juu ya parachichi usiku kucha, mdogo wangu, mpaka liliposimama lenyewe kwenye mizani." Akaacha kutabasamu. "Mama yangu alikufa kwa ini. Dada yangu Eurelia naye kwa ini, na hakuwa na ramani. Mimi daktari ameshaniambia limeanza. Kwa hiyo usiniambie mmefunga."

Kucha ya kidole chake kidogo ilikuwa tayari imeanza kufifia.

*

Agripina alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti kilikuwa kimetekwa, akafungua kioo. Programu, kwa ule uchangamfu wake uliomchosha kuliko kazi yenyewe, ikaandika kwa herufi za kijani: NAFASI IPO. KARIBU!

"Si hiyo hapo?" alisema Skolastika.

"Inadanganya. Hapana, haidanganyi. Ni mjinga." Alivuta pumzi. "Dada Skola, tazama. Ghala tunalipima kwa pishi. Ramani ya mtu mzima hula kama pishi tisini. Programu hii, kabla hujapewa dawa, inaliuliza Ghala: pishi ngapi ziko tupu? Ghala linajibu kweli: mia mbili na kumi. Programu inasema, ah, tisini ni ndogo, mpe mama kikombe."

"Na si kweli?"

"Ziko tupu. Ila mia mbili kati ya hizo ni akiba ya mtambo, na mlango wake hatufunguliwi sisi. Swali lilitakiwa liwe: mimi ninayeuliza, naruhusiwa kujaza ngapi?" Akaandika swali hilo kwa mkono wake, akageuza kioo ili mgeni aone. Jibu lilikuwa 10.

Skolastika aliigusa namba kwa kucha yake ya kijani. "Kumi," alisema. "Angeniambia kumi jana, nisingekunywa."

"Najua."

"Swali la maneno mangapi hilo?"

Hapo ndipo palipomuuma Agripina. Ulikuwa mstari mmoja. Wiki yake ya kwanza kazini, akiwa na cheti kipya na moyo wa kuokoa dunia, aliuona, akaubadilisha, akaijaribu programu mpya mpaka ikatii, akaipeleka kwa meneja ili aidhinishe. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: Imepokelewa. Alipokumbusha, likaja tena: Imepokelewa. Mvua zikanyesha zikaisha, na mahali fulani ile programu nzuri ilikuwa bado inapokelewa.

Akampigia meneja.

"Agripina, binti yangu," ilisema sauti ya Bwana Chengula, vijiko vikigonga vikombe nyuma yake. "Niko kwenye kikao."

"Meneja, nina mgonjwa ameshakunywa dawa tangu jana, na Ghala limejaa."

"Limejaaje? Naona taarifa hapa. Mia mbili na kumi."

"Hiyo ni pamoja na akiba."

"Kwa hiyo ipo."

"Ipo, lakini si yetu!"

"Agripina. Ipo, au haipo?"

Alifumba macho. Mbele yake Skolastika alikuwa ameinua nyusi zote mbili. "Naomba ruhusa niweke ile programu mpya, meneja. Watu wengine wasipewe dawa bure."

"Ile inayoandika HAKUNA? Wakaguzi wanakuja Ijumaa, wewe unataka vituo vyote tisa viandike HAKUNA? Diski mpya ziko njiani."

"Ziko njiani tangu nilipoajiriwa."

"Basi ujue njia ni ndefu. Sikiliza. Mwingize huyo mama mtamboni. Programu imesema ipo, wewe umefuata programu. Ikikatika katikati, ni mtambo, siyo wewe. Ila akiba usiiguse. Hilo sikutanii."

Simu ikakatika.

"Huyu naye ni mtani wako?" aliuliza Skolastika.

"Huyu ni bosi wangu."

"Pole sana. Afadhali mimi."

*

Alianza kufagia. Kila mtambo una takataka zake: kumbukumbu za makosa, nakala za nakala, salamu za sikukuu ambazo Bwana Chengula alivitumia vituo vyote kwa picha kubwa ya uso wake. Alifuta uso wa Bwana Chengula mara tisa, na hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata siku ile. Namba ikapanda: kumi na nne, ishirini, ishirini na nane. Kila ilipopanda Skolastika aliisoma kwa sauti, kwa kuwa alikuwa ameomba jambo moja tu tangu simu ile ikatike, kwamba kila namba Agripina atakayoiona, naye aione.

Halafu, bila mtu kugusa kitu, namba ikashuka. Ishirini na tano. Kumi na tisa. Kumi na moja.

"Nani anakula?" aliuliza Skolastika.

Ilikuwa Mafinga. Agripina alimpigia Kihwele wa kituo cha kule, naye akapokea akiwa anatafuna kitu.

"Kihwele, unaingiza nini Ghalani?"

"Picha za mteja. Mzee mmoja wa mbao. Namwandikisha, kisha anywe."

"Asinywe! Hakuna nafasi."

"Dada Agri, mbona ipo? Programu imesema ipo. Hata karibu imeniandikia."

"Songea nao iliwaandikia ipo. Na wewe ipo. Na mimi ipo. Ni shimo lilelile moja, Kihwele, sote tisa tunaonyeshwa shimo moja!"

Kihwele alitafakari, au alitafuna. "Basi nitamsubirisha kidogo. Lakini mzee ana haraka, na meneja anataka hesabu ya leo. Nikimaliza muhogo wangu naendelea."

Agripina alikata simu, akaegemeza paji la uso kwenye kioo baridi. Nje upepo wa Juni ulikuwa unatikisa mabati, na kila ulipovuma taa za chumbani zilipepesa. Aliziangalia taa zile kwa hasira, kwa maana zilimkumbusha kwamba katika jambo moja Bwana Chengula alikuwa sahihi.

"Hiyo akiba," alisema Skolastika taratibu. "Ufunguo unao?"

"Ninao. Ni wa dharura tu."

"Sasa?"

"Umeme ukikatika," alisema Agripina, "ramani zinazosomwa wakati ule huchanika. Ghala huzitandaza kwenye akiba, huzishona upya, huzirudisha. Likikosa pa kutandazia, haziponi. Sasa hivi Mbeya wamefungua ramani ya dereva mmoja. Tumbo lake limeshapasuliwa, wanamwoteshea kongosho." Taa zikapepesa tena. "Huenda umeme usikatike. Juzi haukukatika. Jana ulikatika."

Alitegemea mwanamke yule alie, au amshike miguu, au amwambie kwamba dereva wa Mbeya hamjui. Yeye mwenyewe angemwelewa. Skolastika alikunja mikono yake ndani ya sweta, mwanga ukapotea.

"Usinichore juu ya mwili wa mtu," alisema. "Nilimzika Eurelia. Najua wanaobaki wanavyotafuta wa kumlaani. Sitaki mke wa dereva anipate mimi." Akasimama. "Haya, Mhehe. Umejitahidi, na chai yako mbaya nimekunywa. Nionyeshe njia ya kwenda kituo cha mabasi."

"Kaa chini," alisema Agripina.

"Unanifokea mimi?"

"Ndiyo, nakufokea! Kaa chini. Kila mtu leo ananiambia ipo, haipo, subiri, imepokelewa, na wewe sasa unaniaga! Kaa!"

Skolastika alikaa. Alionekana kupendezwa kidogo.

*

Wafanyakazi wa Ghala huchorwa siku wanayoajiriwa. Siku ile bibi yake Agripina alipika kuku, akamshika uso kwa mikono miwili na kusema macho haya sasa yamepona kabla hayajaugua. Katika ukoo wa Kalinga macho hufa mapema. Baba yake alianza kugongana na milango kabla mvi hazijamwota. Baba yake mkubwa hakuwahi kumwona mjukuu hata mmoja. Ramani ya Agripina ilikuwa Ghalani, imetulia, pishi themanini na nne.

Alipiga hesabu, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa ya mtoto wa shule. Themanini na nne, na kumi na moja.

Kulikuwa na hatari moja. Angejifuta, nafasi ingeachwa wazi, na Kihwele angekuwa amemaliza muhogo. Kuuliza kama nafasi ipo si kuishika. Kati ya swali na jibu mwenzako anaingia. Kihesa, walipokuwa wanapanga foleni ya maji, hakuna aliyeuliza kama maji yapo. Uliweka ndoo. Ndoo tupu ilikuwa mtu, na hata mkorofi wa mtaa hakuiruka. Katika programu yake mpya, ile inayopokelewa milele, Agripina alikuwa ameandika jambo hilohilo: kabla mgonjwa hajapewa kikombe, programu inaweka faili tupu la pishi tisini na tano, linalokaa mahali pake mpaka ramani yenyewe ije ilijaze. Wenzake chuoni wangeliita jina refu. Yeye aliliita ndoo.

Lakini ndoo haikuwekeka bila kuiweka programu nzima. Na programu ikishawekwa, ingewekwa kwa wote tisa.

Aliiweka. Hakuomba ruhusa, maana alishaiomba vya kutosha. Akapanga ndoo isubiri mlangoni mwa Ghala, kisha akafungua jina lake mwenyewe na kubonyeza FUTA.

UNA HAKIKA? iliandika programu.

"Leo ndiyo unajua kuuliza," alisema Agripina, akaweka kiganja chake kwenye kioo.

Kumi na moja ikawa tisini na tano. Hapohapo ndoo ikaziba, na chini yake, kwa vituo vyote tisa vya Nyanda za Juu, maandishi ya kijani yakawa mekundu: HAKUNA NAFASI. USIMPE MTU DAWA.

"Tisini na tano," alisoma Skolastika. Hakufurahi. Alikuwa mtu wa soko, alijua bei haishuki bila sababu. "Imetoka wapi?"

Agripina alikuwa na uongo mzuri tayari, takataka za mtambo, ungeingia bila shida. "Ni yangu," alisema. "Ramani yangu. Nimeifuta."

Mngoni aliruka kutoka kitini. "Mwendawazimu! Nani kakutuma? Nimekuomba mimi? Irudishe!"

"Hairudi."

"Umeifuta kwanza ndipo ukaniambia!"

"Ningekwambia kwanza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Umenifunga, mtoto wewe. Umenifunga kamba ukaniuliza kama nataka kwenda." Ufizi wake ulimulika kijani alipofoka. "Sasa nisipoingia humo, nani anaichukua?"

"Hakuna. Itakaa tupu."

Skolastika alitukana kwa Kingoni, kwa urefu na kwa ufundi. Kisha alivua viatu. Mlangoni mwa bomba aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo kuliko umri wake.

"Humu ndani sioni kitu," alisema. "Jana nilikuwa namsikia yule kijana, halafu nikaacha kumsikia, akaenda kupokea simu. Ndipo likalia. Sisemi angelizuia. Lakini nilikuwa peke yangu."

"Nitakusomea namba," alisema Agripina. "Kila moja. Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Bomba likajifunga. Kutoka hapo mtambo haukuhitaji mtu. Ungechora wenyewe hata kituo kikiwa kitupu. Agripina aliukomea mlango wa nyuma, akavuta ndoo yake ya kukalia karibu na kipaza sauti. "Tisini na tano," alisoma. "Tisini na nne."

Simu ilianza kuita namba ilipofika themanini. Kihwele, kisha Songea, kisha kituo ambacho hakuwahi kukisikia kikiita. Kisha Bwana Chengula, mara ya kwanza, ya pili. Hakupokea. Sitini na mbili. Sitini na moja. Ujumbe ukatokea pembeni mwa kioo: Agripina vituo vyote vinaandika hakuna. Mwingine ukafuata: Wakaguzi wamepigiwa. Na mwingine: Nakuja. Toka kwenye mtambo sasa hivi unisubiri ofisini tuelewane. Nikikukuta hapo huna kazi.

Ofisi ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Angeweza kwenda. Alimjua Bwana Chengula. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuelewana, na aliyekutwa ofisini amekaa kwa adabu mara nyingi alisamehewa.

"Arobaini," alisoma. "Thelathini na tisa."

Upepo ulivuma, taa zikapepesa, zikashika. Mlango wa mbele, aliokuwa ameufunga kwa ndani, ukagongwa kwa kiganja.

"Agripina! Fungua!"

"Kumi na saba," alisema Agripina kwenye kipaza sauti, kwa sauti ileile. "Kumi na sita."

Kwa hesabu ya kawaida ingesimama kwenye tano. Haikusimama. Skolastika alikuwa mrefu, na mtu mrefu hula zaidi. Kwa nini hakulifikiria hilo? Nne. Tatu. Alitaka kunyamaza, ili angalau yule aliye ndani asisikie. "Mbili," alisoma.

"Nahesabu tatu, kisha naita askari! Kazi huna!"

"Moja," alisoma Agripina.

Mstari wa mchoro ulikuwa kwenye nyayo. Namba haikusogea. Ilikaa pale, na mlango ukagongwa, na mstari ukatambaa kwenye vidole vya mguu, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho, na kioo kikaandika RAMANI IMEKAMILIKA. Bomba lilikuwa bado halijafunguka. Humo ndani mtu alikuwa gizani, anasikiliza.

Nje Bwana Chengula alikuwa anamwita askari kwa jina.

Agripina aliinama kwenye kipaza sauti. "Moja," alisema. "Imebaki moja, dada Skola. Huo ndio mwisho."